Mboga zipo, makaa je? Mpaka, mgao na sufuria ya mkimbizi mjini Gisenyi

Mtu anayeingia Gisenyi kwa barabara ya Musanze hana haja ya kuuliza kama wilaya ya Rubavu ina mboga. Ataziona kabla hajafika mjini: mashamba ya kabichi na karoti kwenye udongo mweusi wa volkano, viazi vikipakiwa kwenye magunia kando ya lami, na wanawake wakishuka na vikapu vya dodo kichwani kuelekea soko la Mbugangari na mpakani. Ukanda huu ni miongoni mwa maeneo yanayoilisha miji miwili kwa pamoja, Gisenyi na Goma.

Hata hivyo, katika nyumba nyingi za wakimbizi mjini hapa, na katika familia zilizopitia kituo cha muda cha Nkamira, mlo wa siku unaweza kuwa ugali na maharage kidogo, au ugali na chumvi. Mashirika, letu likiwemo, yamechapisha mabango mengi yanayosema "kula mboga kila siku". Ujumbe huo ni wa kweli. Ila mama anayeusoma mara nyingi analijua dodo na sombe kuliko aliyeandika bango. Anachokosa ni kitu kingine, na makala hii inajaribu kukieleza: kwa nini bei ya mboga Gisenyi haitulii, kupungua kwa misaada kumegusaje sufuria, na ni mboga gani inapikika vizuri kwa makaa machache.

Tuanze na mpaka, kwa sababu bei inaanzia hapo.

Goma ni mji wa zaidi ya watu milioni moja uliojengwa juu ya mawe ya volkano. Sehemu kubwa ya mji huo hailimiki. Chakula chake kinatoka Masisi na Rutshuru kwa barabara, Minova na Kalehe kwa mashua za ziwani, na Rwanda kwa miguu ya wachuuzi wanaovuka kwenye mpaka mdogo, unaoitwa na wote Petite Barrière. Kabla ya janga la korona, watu waliovuka hapo kila siku walihesabiwa kwa makumi ya maelfu, na wengi wa wachuuzi wadogo walikuwa wanawake. Desturi hiyo ina mizizi mirefu. Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, ilianzishwa mwaka 1976 hapa hapa Gisenyi, na kile kikaratasi cha kuvukia kinachoitwa jeton kimekuwa sehemu ya maisha ya pande zote mbili kuliko hati nyingine yoyote.

Lakini mlango huo umefungwa na kufunguliwa mara nyingi katika miaka ya karibuni. Agosti 2019 ulifungwa kwa muda mfupi kwa hofu ya Ebola. Machi 2020 ulifungwa kwa sababu ya korona, na wachuuzi wengi wakala mtaji wao wote. Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, watu wa Goma wakakimbilia Gisenyi huku matetemeko yakipasua nyumba na barabara za mji wenyewe. Juni 2022, baada ya tukio la risasi mpakani, saa za kuvuka zilipunguzwa na watu wakatakiwa kuwa wamemaliza safari zao alasiri. Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia ndani ya Goma, mji ukawa mikononi mwa AFC/M23, na mabomu mengine yakaanguka upande huu wa mpaka.

Kila tukio kama hilo lina athari yake sokoni, na athari hiyo haifanani kwa kila mboga. Viazi, vitunguu na karoti vinaweza kusubiri. Kabichi inaweza kulala siku tatu, nne. Dodo haisubiri. Iliyochumwa asubuhi imenyauka jioni, na isiyouzwa leo kesho ni chakula cha mbuzi. Kwa hiyo mpaka unapofungwa ghafla, mboga za majani zilizokusudiwa Goma hurudi Gisenyi na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Mnunuzi anafurahi siku mbili, mkulima na mchuuzi wanaumia. Msimu unaofuata mkulima anapanda kidogo, na furaha ya mnunuzi inaishia hapo.

Upande wa pili nao una hesabu yake. Barabara za kuingia Goma zikikatwa, kama ilivyotokea Februari 2024 mapigano yalipofika karibu na Sake, mji huo unalazimika kuegemea zaidi ziwa na Rwanda. Hapo mchuuzi wa Mbugangari hana sababu ya kumpunguzia mtu wa hapa. Fungu linakuwa dogo ingawa bei inabaki ile ile, na hii ndiyo njia ambayo mfumuko wa bei humfikia maskini: hauonekani kwenye namba, unaonekani kwenye ukubwa wa fungu. Takwimu za bei zinazokusanywa kwa kilo zinaweza kuchelewa kuliona jambo hilo.

Kisha tangu Januari 2025 kuna jambo jipya. Benki za Goma zilifungwa, na fedha taslimu zikawa adimu mjini humo. Watu wanavuka kuja Gisenyi kutoa pesa, na wengine wananunua chakula wakiwa hapa hapa kabla ya kurudi. Mkimbizi anayekaa Gisenyi anajikuta sokoni bega kwa bega na mnunuzi wa Goma, ambaye pengine ni jirani yake wa zamani. Nchini Congo kwa jumla, tathmini ya hali ya chakula iliyotolewa Machi 2025 ilisema karibu watu milioni 28 wanakabiliwa na njaa kali, idadi kubwa kuliko zote zilizowahi kurekodiwa nchini humo. Njaa hiyo haina jeton. Inavuka yenyewe na kupanga bei huku.

Sasa upande wa misaada. Wasomaji wetu wanaufahamu kwa uzoefu, kwa hiyo tutaupitia haraka. Januari 2018 mgao wa wakimbizi nchini Rwanda ulipunguzwa kwa asilimia 25. Machi 2021 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilitangaza kupunguza kwa asilimia 60 kwa kukosa fedha. Mei mwaka huo huo ulianza utaratibu wa kugawa kwa makundi: familia zilizoonekana kuwa na hali ngumu zaidi zilipata kiwango kikubwa zaidi, zenye hali ya kati zikapata sehemu ndogo zaidi, na zilizoonekana kujiweza hazikupata. Mkimbizi anayeishi mjini, kwa kawaida, anatarajiwa kujitegemea na hapati mgao wa chakula kabisa. Mwaka 2025 Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote, ilisimamisha na kisha kukata sehemu kubwa ya misaada yake ya nje. Uganda, nchi yenye wakimbizi wengi kuliko nyingine yoyote barani Afrika, ilishuhudia watu wapatao milioni moja wakiondolewa kwenye msaada wa chakula katika miezi ya mwanzo ya mwaka huo. Kakuma na Dadaab nchini Kenya mgao ulishuka pia. Kwa hiyo anayesema Rwanda imeonewa peke yake hasemi kweli, na anayesema wakimbizi wa Rwanda hawajaguswa naye hasemi kweli.

Tufanye hesabu moja ndogo. Tuchukue kwa mfano tu familia inayopata faranga 10,000 kwa kila mtu kwa mwezi. Ukigawa kwa siku 30 ni faranga 333 kwa mtu kwa siku. Humo humo itoke unga, maharage, mafuta, chumvi, sabuni mara nyingine, na moto wa kupikia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Familia ya watu sita, hata ukiwahesabia watoto kiasi kidogo, inakaribia kilo mbili kila siku. Jaribu kuipanga bajeti hiyo na utaona mboga inavyosukumwa mwisho wa foleni. Unga unajaza tumbo. Maharage yanashibisha. Mboga haishibishi, kwa hiyo ndiyo inayokatwa kwanza.

Hapa inafaa kusema neno kuhusu jambo linalowaudhi sana baadhi ya wenzetu wa mashirika: familia kuuza sehemu ya mgao. Unga wa uji uliorutubishwa unauzwa, na ripoti zinaandika kwamba jamii "inahitaji elimu zaidi ya lishe". Lakini tazama kilichonunuliwa kwa pesa hiyo. Mara nyingi ni chumvi, kitunguu, mafuta kidogo, makaa, na fungu la majani. Maana yake mama amebadilisha chakula cha aina moja kuwa mlo. Hatusemi unga wa mtoto aliyedhoofu uuzwe. Ule ni tiba na mtoto huyo anauhitaji wote. Tunasema kwamba uuzaji wa mgao ni taarifa ya soko, na taarifa hiyo inasema kikapu cha msaada hakina mboga wala moto.

Moto ndio kiini cha suala hili, na ndio unaosahaulika. Rwanda imekuwa ikijitahidi kupunguza kuni na makaa. Mpango wa maendeleo wa 2017 hadi 2024 uliweka lengo la kushusha matumizi ya kuni hadi asilimia 42 ya kaya. Katika baadhi ya kambi gesi ililetwa, jambo jema kwa misitu na kwa macho ya akina mama. Ila gesi hununuliwa, na makaa ya Gisenyi nayo hununuliwa. Aliyezoea Masisi au Rutshuru, ambako kuni zilikuwa nyuma ya nyumba, anagundua huku kwamba kila dakika ya kuchemsha ina bei.

Na dakika za huku ni nyingi. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho maji huchemka yakiwa na joto la takriban nyuzi 95 badala ya 100. Ukipanda kuelekea Nkamira kimo kinaongezeka na joto la kuchemka linashuka zaidi. Ndiyo sababu maharage yale yale yanayoiva upesi Mombasa au Dar es Salaam hapa yanakesha jikoni. Maelekezo ya upishi yaliyoandikwa pwani, yakiletwa hapa bila kurekebishwa, yanamdanganya mpishi.

Serikali ya Rwanda ina mpango unaoitwa Igikoni cy'umudugudu, yaani jiko la kijiji. Wazazi wa mtaa mmoja wanakutana, watoto wanapimwa uzito na urefu, kisha wanapika pamoja mlo kamili na watoto wanalishwa. Kila mmoja analeta alichonacho: huyu karoti, yule sambaza, mwingine makaa. Ni mpango mzuri, na kwa maoni ya mwandishi huyu ni bora kuliko semina kumi za hotelini. Sababu za kuwepo kwake ni nzito: uchunguzi wa afya wa 2019–2020 ulikuta asilimia 33 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na Mkoa wa Magharibi, ambamo Rubavu imo, hali ilikuwa mbaya kuliko wastani huo wa taifa.

Lakini angalia kwa makini kinachofanya chakula cha siku ile kiwezekane. Siyo somo peke yake. Ni kwamba moto ni mmoja, sufuria ni moja kubwa, na gharama imegawanywa kwa watu kumi na tano. Mama akirudi nyumbani na somo lake, anarudi kwenye jiko lake mwenyewe na makaa yake mwenyewe. Somo limebaki, ushirika umekwisha. Kama mashirika yanataka kujifunza kitu kutoka Igikoni cy'umudugudu, basi ni huo mgawanyo wa moto. Familia mbili au tatu za jirani zinazochemsha maharage pamoja mara mbili kwa wiki, kisha kila moja ikaunga sehemu yake nyumbani kwa mboga inayoipenda, zinaokoa makaa kuliko jiko banifu lolote litakalogawiwa. Wapo wanaofanya hivyo tayari bila kufundishwa na mtu.

Sasa tuingie jikoni.

Maharage kwanza, kwa kuwa ndiyo yanayomaliza moto. Yaloweke usiku kucha, asubuhi mwaga maji hayo, weka mengine. Kuloweka kunapunguza muda wa kupika kwa kiasi kikubwa na kunapunguza gesi tumboni. Yachemke kwa nguvu mwanzoni, hasa yale mekundu, kwani yasipoiva sawasawa yanaweza kuleta matapishi na kuhara; kisha funika na punguza moto. Ukishapata moto mkali, unaweza kuiondoa sufuria, ukaifunga kwa blanketi la zamani ndani ya kikapu au boksi lenye majani makavu, ikaendelea kuiva kwa joto lake yenyewe, halafu ukairudisha jikoni kwa muda mfupi ichemke tena kabla ya kuliwa. Ukiwa na nafasi ya kuchagua sokoni, uliza yale yanayoitwa ya ubutare, maharage yenye madini mengi ya chuma. Taasisi ya utafiti wa kilimo ya Rwanda ilitoa mbegu zake mwaka 2010 na 2012, na sasa yanapatikana katika masoko mengi.

Wengi hutia magadi au soda ya kuokea ili maharage na majani vilainike haraka. Tunaelewa sababu. Tatizo ni kwamba magadi huharibu baadhi ya vitamini, hasa vitamini C na B1, na huongeza chumvichumvi mwilini kwa mwenye presha. Kuloweka kunafanya kazi hiyo hiyo bure. Ikiwa ni lazima, tia kwenye maharage kidogo sana, na kwenye majani usitie kabisa, kwa sababu majani hayahitaji.

Dodo, ambayo Wakongo wengi wanaiita lengalenga na Watanzania mchicha, ndiyo mboga ya mwenye makaa machache. Inaiva kwa dakika chache. Kosa la kawaida ni kuikata kwanza kisha kuiosha: vitamini zinakwenda na maji. Osha majani yakiwa mazima, kwa maji safi yanayobadilishwa mara mbili, hasa mboga zilizolimwa kando ya mito na mitaro, kipindupindu tunakijua. Kisha kata. Kaanga kitunguu kwa kijiko kimoja au viwili vya mafuta, tia nyanya ilainike, tia majani na chumvi kidogo, geuza, funika dakika tano, ondoa. Usimwage maji yake. Mafuta hapo siyo anasa: vitamini A iliyomo kwenye majani ya kijani na kwenye karoti huchukuliwa na mwili vizuri ikiwa kuna mafuta kidogo. Mawese yenyewe, yakiwa mekundu na hayajaunguzwa hadi kuwa meupe, yana vitamini A ya kwake.

Isogi, inayoitwa mgagani kwingineko, inapikwa karibu vivyo hivyo, ila uchungu wake hupunguzwa kwa maziwa au karanga zilizosagwa. Majani ya maboga na matembele ni rafiki wa mfuko pia. Majani ya maharage yanajulikana kwa kila aliyekulia vijijini. Watu wa mjini wanayaonea aibu kidogo, wanayaita chakula cha shida. Yana chuma na protini, basi aibu hiyo tuiache.

Sombe ina habari yake. Hakuna mboga inayokumbusha nyumbani kama sombe, na hakuna inayokula makaa kama hiyo. Majani mabichi ya muhogo yana sumu aina ya sayanaidi. Kutwanga vizuri na kuchemsha kwa muda mrefu, sufuria ikiwa wazi, ndiko kunakoiondoa. Kwa hiyo hapa hatutatoa ushauri wa kufupisha. Tusikilize wazee: itwangwe ilainike, ichemke bila kifuniko hadi harufu ya ubichi iishe, ndipo iungwe kwa karanga, nyanya chungu, kitunguu na mawese kiasi. Anayenunua sombe iliyokwisha kutwangwa sokoni bado anapaswa kuichemsha muda wake wote. Kama makaa hayatoshi leo, pika dodo, sombe ingoje siku ambayo majirani wanapika pamoja. Sombe ya watu wanane inatumia moto ule ule wa sombe ya watu watatu.

Kabichi ni mfalme wa Rubavu kwa bei, na familia nyingi zinaila siku tano kwa wiki. Siyo mbaya, lakini peke yake haitoshi, kwa kuwa vitamini A yake ni ndogo sana. Ikatwe nyembamba, ikaangwe haraka na karoti iliyoparuzwa, kitunguu na nyanya, ibaki na ukakamavu kidogo. Karoti mbili tu zinabadilisha thamani ya sufuria nzima. Zile karoti ndogo zilizopinda, ambazo wachuuzi wa Goma hawazitaki, ni nafuu na hazina upungufu wowote ila sura.

Halafu sambaza. Samaki hawa wadogo siyo wenyeji wa Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na leo ndio nyama ya maskini wa pande zote mbili za ziwa. Wakiwa wabichi ni ghali kwa familia nyingi. Wakikaushwa na kusagwa, kijiko kimoja kwenye mboga au kwenye uji wa mtoto kinaleta protini na kalsiamu. Mtoto aliyetimiza miezi sita, huku akiendelea kunyonya, anaweza kupewa viazi au maharage yaliyopondwa na kuchanganywa na dodo iliyokatwa laini sana, mafuta kidogo na unga wa sambaza. Si lazima apikiwe sufuria yake. Chota kutoka kwenye ya familia kabla ya kutia pilipili na chumvi nyingi.

Jambo moja dogo linalopuuzwa: chai. Chai ya rangi au ya maziwa ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kuchukua chuma kilichomo kwenye maharage na majani. Ipishe saa moja. Limau, chungwa au nyanya mbichi vikiliwa pamoja na chakula hufanya kinyume chake, vinasaidia. Kwa mjamzito na kwa msichana aliyeanza hedhi tofauti hiyo ina maana. Na jiko la makaa lisipelekwe ndani ya chumba kilichofungwa hata kama baridi ya usiku ni kali. Moshi usioonekana umeua watu wakiwa usingizini.

Kuhusu bustani za nyumbani, akarima k'igikoni, tumekwisha kuandika mara nyingi, hatutarudia yote. Gunia moja la udongo na samadi linaweza kutoa dodo baada ya wiki tatu au nne tangu kupanda. Wapangaji wa mjini wasio na uwanja wanaweza kuliweka mlangoni, wakizungumza kwanza na mwenye nyumba. Ila tusiitwishe bustani ya gunia mzigo usio wake. Inatoa majani ya siku kadhaa kwa wiki. Haitoi unga, haitoi mafuta, na haitoi makaa. Shirika linalopunguza mgao kisha likagawa mbegu halijaziba pengo, limetoa mbegu.

Kwa wanaopanga misaada, mambo matatu yanaonekana kutokana na haya. Ufuatiliaji wa bei ujumuishe fungu la dodo na debe la makaa, kwa uzito halisi, badala ya unga na maharage tu. Kiwango cha fedha kihesabu moto wa kupikia kama sehemu ya chakula, maana maharage mabichi hayaliwi. Na saa za mpaka, ambazo huzungumzwa kama suala la usalama na ushuru, zihesabiwe pia kama suala la lishe kwa pande zote mbili. Kila saa inayopunguzwa alasiri ni dodo inayonyauka kwenye kikapu cha mama ambaye kesho hatakuwa na mtaji.

Kwa familia zenyewe, majuma yajayo ya kuangalia ni yale ya mwanzo wa mvua. Mvua za Septemba zikianza vizuri, mboga za majani hushuka bei kabla ya mazao mengine yote, huku viazi na maharage vikiendelea kupanda hadi mavuno ya Desemba na Januari. Ni kipindi ambacho sufuria inaweza kuwa na majani mengi na maharage machache bila aibu. Na kama barabara ya Goma hadi Sake na ile ya Rutshuru zitabaki wazi kwa malori, bei ya kabichi Mbugangari nayo huenda ikapumua. Zikikatwa, wenye nafasi wakaushe majani mapema, kivulini na siyo juani, wayafunge mahali pakavu.